Je, Dirisha Lako la Kusukuma Limeshikwa na Nini?

Kabla hujaendelea, naomba uinue macho uangalie dirisha lililo karibu nawe. Kama uko kwenye chumba cha kusubiri cha kituo cha afya, au darasani, au katika moja ya ofisi zilizojengwa kwa matofali ya saruji, huenda dirisha hilo ni la aluminiamu, lina vioo viwili, na hufunguliwa kwa kusukuma kushoto au kulia. Halina bawaba. Sasa jiulize: ni kitu gani kinachozuia kile kioo kisianguke? Mimi nilifanya kazi ya kujitolea ya uhamasishaji wa afya kwa miaka mitatu chini ya madirisha ya namna hiyo bila kujiuliza. Jibu nilikuja kulipata siku ambayo kioo kilikuwa tayari kiko sakafuni.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, siku ya kliniki ya akina mama na watoto. Unaijua hali ya Kigoma mwezi huo: mvua imekwisha siku nyingi, vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya sufuria, na mchana huvuma upepo wa ghafla unaozunguka. Chumba kilikuwa kimejaa. Mama mmoja aliona joto limezidi, akasimama kufungua dirisha. Likagoma. Akalisukuma kwa nguvu huku akilinyanyua kidogo, kama tunavyofanya sote dirisha likigoma. Likaachia kwa kishindo, naye akarudi kukaa. Hakuna aliyetambua kwamba mguu mmoja wa kioo ulikuwa umeruka nje ya reli. Dakika chache baadaye upepo ulipiga, na kioo kizima pamoja na fremu yake kikaingia ndani na kuangukia benchi.

Tunamshukuru Mungu, benchi hilo lilikuwa limetoka kuachwa wazi, kwa sababu nesi alikuwa ameita majina ya watoto wa kupimwa uzito. Aliyeumia ni bibi mmoja aliyeketi chini karibu na ukuta. Alikatwa mkononi, akashonwa nyuzi sita. Mpaka leo tukikutana njiani ananionyesha kovu na kucheka, lakini siku ile hakucheka mtu.

Sasa nikuambie jambo ambalo siku ile sikulisema. Wiki mbili kabla ya hapo, Jumamosi ya usafi, mimi na wenzangu wawili ndio tuliotoa vioo vya madirisha yale ili tuoshe reli. Katika mfereji wa juu wa fremu tulikuta vipande vidogo vya plastiki nyeusi, kila kimoja kama nusu ya kiberiti. Tulidhani ni takataka zilizosahauliwa na mafundi. Tukavitupa pamoja na matope, tukarudisha vioo mahali pake, vikang'aa, tukapongezwa.

Vile vipande ndivyo vilivyokuwa vimeshika dirisha.

Huingia kwa juu, hutoka kwa juu

Fundi aliyeletwa kutengeneza alikuwa mzee, Mkongomani mwenzetu aliyejifunza kazi Uvira kabla ya vita. Nilipomuuliza kwa nini kioo kilitoka wakati kitasa kilikuwa kizima, aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "wewe ulidhani dirisha hili linashikwa na kitasa?" Akaniita karibu, na somo alilonipa ndilo ninalokupa wewe.

Ile sehemu inayotembea, yaani kioo pamoja na fremu yake nyembamba, tuiite mlango wa dirisha. Mlango huo hauning'inii popote. Unasimama kwa miguu yake, yaani vigurudumu viwili vidogo vilivyofichwa chini, na vigurudumu hivyo vinatembea juu ya reli. Kichwa chake kimeingia ndani ya mfereji ulio juu ya fremu. Fundi anapoupachika, kwanza huingiza kichwa katika mfereji wa juu mpaka mwisho, kisha husogeza miguu ndani, halafu huushusha ukae kwenye reli. Hapigi msumari wala hatii gundi. Kwa hiyo njia ile ile ulioingilia ndiyo njia utakayotokea: ukinyanyuliwa vya kutosha, miguu itavuka ukingo wa reli na mlango utakuwa mikononi mwako. Au kichwani mwako.

Hesabu yake ni ndogo. Tuseme miguu imezama sentimita 1 ndani ya reli ya chini, na juu ya kichwa cha mlango kuna nafasi tupu ya sentimita 1 na nusu. Mlango huo unaweza kutoka. Sasa ijaze ile nafasi ya juu mpaka zibaki milimita 3 tu. Mlango utateleza kama kawaida, lakini hautapanda vya kutosha kuvuka reli. Kazi ya vile vipande vyeusi tulivyotupa ilikuwa ni hiyo tu: kujaza nafasi ya juu.

Ndiyo maana kitasa hakitoshi. Kitasa huzuia mlango usiende pembeni, hakiuzuii usipande. Hata ule mti ambao wengi tunauweka katika reli ya chini usiku ili mwizi asisukume dirisha, hauzuii kupanda. Mwizi anayejua kazi hashughuliki na kitasa, anashika mlango kwa nje na kuunyanyua. Mti ule si mbaya, endelea kuuweka, ila uwe wa kutoka kwa mkono bila kutafuta kisu au nyundo, maana siku ya moto hutakuwa na muda wa kutafuta. Lakini usidhani umemaliza.

Jaribu kwa mikono yako

Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote, ila kinahitaji watu wawili. Ondoa kwanza watoto na benchi. Wewe simama ndani, ushike mlango wa dirisha kwa mikono miwili, upande huu na upande huu, na mwenzako asimame tayari kuudaka. Unyanyue wima, polepole, bila kuuvuta kwako. Ukipanda kidogo tu na kugota juu, umeshikwa. Ukiendelea kupanda mpaka ukaona makali yake ya chini yanakaribia kuvuka ukingo wa reli, ushushe taratibu. Dirisha hilo halifai kuachwa hivyo hata siku moja.

Fanya jaribio hilo mahali patatu: dirisha likiwa limefungwa, likiwa nusu, na likiwa wazi kabisa. Hapa wengi wanakosea, na mimi nilikosea pia mara ya pili. Mara nyingi vizuizi vya juu huwekwa mahali pamoja tu, pale ambapo mlango hukaa ukiwa umefungwa. Ukiusukuma katikati, umeshatoka chini ya kizuizi, na hapo unaweza kupanda. Na kumbuka kwamba dirisha la chumba cha wagonjwa linakaa wazi mchana kutwa. Usalama wa dirisha lililofungwa hautusaidii sana.

Kama lina nafasi kubwa juu, matengenezo ni ya bei ndogo. Fundi anaweza kutia kipande cha plastiki ngumu au cha ubao mwembamba ndani ya mfereji, au akafunga skrubu mbili au tatu katika mfereji wa juu na kuacha vichwa vyake vimejitokeza kuelekea chini, ili mlango upite kwa shida ndogo lakini usipande. Anazikaza au kuzilegeza kwa bisibisi mpaka ile nafasi ibaki milimita 2 au 3. Wakati unamngoja fundi, kipande cha soli ya kandambili kilichokatwa vizuri na kubandikwa kwa gundi hufaa kwa siku chache. Nasema siku chache, maana jua huikausha gundi, soli ikadondoka, nawe ukabaki unaamini bado ipo.

Usikubali kujaza nafasi yote ya juu ili "liwe imara zaidi". Aluminiamu hutanuka na jua. Dirisha lililobanwa asubuhi, saa nane mchana litakuwa halitembei, na watu watalilazimisha.

Mchanga na vigurudumu

Tukirudi kwa mama yule aliyesukuma: hakufanya kosa. Dirisha lilikuwa limegoma, na lilikuwa limegoma kwa sababu sisi wahamasishaji tulikuwa tumeosha reli kwa maji mengi bila kutoa mchanga kwanza. Maji yakakauka, mchanga ukabaki kama saruji. Gurudumu la plastiki likipita juu ya mchanga kila siku linalika upande mmoja, mwisho linakuwa kama kisigino cha kiatu cha zamani, na halizunguki tena bali linaburuzwa. Linapolika, mlango mzima unashuka. Ukishuka chini, basi na kichwa kimeshuka: kinashikwa kidogo zaidi na ule mfereji wa juu. Kwa hiyo dirisha linalokwaruza chini ni dirisha linaloanza kuachia juu.

Safisha reli ikiwa kavu. Tumia mswaki uliochakaa kuchokonoa, kisha kitambaa kikavu, halafu ndiyo upitishe kitambaa chenye maji kidogo. Kiangazi fanya kila wiki, maana vumbi letu mnalijua. Usipake mafuta ya kula wala grisi katika reli: siku mbili tu mafuta yanakamata vumbi na kuwa matope meusi. Paka mshumaa, yaani sugua mshumaa mkavu juu ya reli mara chache, inatosha.

Utaona pia katika reli ya nje, upande wa chini, kuna vitundu vyembamba. Siyo kasoro, na tafadhali usivizibe kwa sabuni wala silikoni, kama nilivyoona katika darasa moja. Mvua ikipiga dirisha, maji hukusanyika katika reli na kutokea hapo kwenda nje. Ukiviziba, maji yanaingia ndani na kulowesha ukuta.

Pembeni mwa mlango, chini kabisa karibu na gurudumu, madirisha mengi yana tundu lenye skrubu ndani yake. Skrubu hiyo hupandisha na kushusha gurudumu. Izungushe polepole uone mlango unakwenda wapi. Upande wa kushoto na wa kulia iwe sawa, vinginevyo mlango utasimama kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Kama umezungusha mpaka mwisho na bado unakwaruza, gurudumu limekwisha, libadilishwe.

Kuna kasoro moja ambayo haitengenezwi kwa bisibisi. Ukuta ukishuka, au kama fundi alifunga fremu bila kuinyoosha, fremu inapinda. Pima kwa kijiti kutoka reli ya chini hadi mfereji wa juu: kushoto, katikati, kulia. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya unene wa penseli, usihangaike na skrubu. Toa mlango huo, ulaze chini mahali salama, uite fundi wa jengo.

Kwa nini tunaandika haya katika jarida la afya?

Kwa sababu ya kilichofuata baada ya ajali. Siku ile ile madirisha yote ya chumba kile yalifungwa kwa waya. Ilikuwa uamuzi wa haraka na siulaumu, watu walikuwa wameogopa. Lakini waya ulikaa wiki tatu. Chumba kile ndicho wanachosubiri wanaokohoa. Kila asubuhi niliwakuta watu wamebanana ndani, hewa nzito kama ya ghala, na mimi nimesimama mbele yao nikifundisha kwamba kifua kikuu huambukizwa kwa njia ya hewa na kwamba tufungue madirisha. Mzee mmoja akaniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, dirisha lipi?" Sikuwa na jibu.

Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu ambaye hajaanza dawa akikohoa, chembe ndogo sana zenye vijidudu hubaki zikielea hewani, na katika chumba kilichofungwa zinaweza kukaa saa kadhaa. Upepo unaopita huzitawanya na kuzitoa nje. Katika mwongozo wake wa mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wodi za kawaida na vyumba vya wagonjwa wa nje vipate hewa safi lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa pale panapotumika upepo wa asili. Mashine hatuna. Tuna madirisha na milango, basi. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofika, tulirudia somo lile lile.

Na dirisha la kusukuma lina udhaifu wake: hata ukilifungua lote, nusu tu ndiyo iko wazi, maana kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 linakupa chini ya robo tatu ya mita ya mraba. Likigoma nusu ya safari, umebaki na nafasi ya kupitisha mkono. Kwa maoni yangu, vyumba vya wanaokohoa vingejengewa madirisha ya bawaba yanayofunguka yote. Lakini tuliyonayo ni haya, na dirisha ambalo watu wanaliogopa halifunguliwi. Wanaosubiri ndani yake hawajui ni nani kati yao mwenye kikohozi cha wiki mbili.

Fungua upande huu na upande ule wa chumba ili hewa ipite. Ukifungua, sukuma mlango mpaka mwisho, usiuache katikati ukichezacheza. Ukiona wingu na upepo wa mvua unakuja, wahi kufunga kabla ya upepo.

Na nyumba zetu?

Najua wengi wenu mnasema: sisi nyumba ni za matofali ya udongo, aluminiamu itoke wapi? Lakini nimepita katika vijiji vya zoni yetu na kuona madirisha ya kusukuma ya mbao, kibao kinachotembea kati ya mihimili miwili yenye mfereji, kimoja chini na kimoja juu. Ni kazi nzuri, haichukui nafasi ndani ya nyumba ndogo. Kanuni yake ni ile ile. Mfereji wa chini uwe na kina cha sentimita 1, wa juu sentimita 2. Kibao kiwe kirefu kuliko uwazi kwa sentimita 1 na milimita 8. Hapo utakiingiza kwa juu, na kikishuka, kichwa kitabaki kimeshikwa kwa milimita 8. Halafu, na hapa ndipo wengi hukatiza kazi, pigilia kijiti chembamba ndani ya mfereji wa juu kujaza ile nafasi iliyobaki. Acha ulegevu kidogo, maana mbao hunywa maji masika na kuvimba. Kagua mchwa pia. Mhimili wa juu ulioliwa na mchwa haushiki kitu, hata ukiupaka rangi.

Wavu wa mbu uliofungwa kwenye fremu nyepesi na kutembea katika reli yake hutoka kwa urahisi kuliko kioo. Ukitoka usiku mmoja tu, mbu wameshaingia. Lakini kubwa zaidi: wavu ule ni wa mbu, hauwezi kumshika mtoto. Akiuegemea, unatoka naye. Kwa nyumba zetu za chini ataumia kidogo, lakini tuna ndugu waliohamishiwa Marekani na nchi nyingine, wanaoishi ghorofani, na wanaosoma jarida hili likitumwa na watu wao. Ndugu yangu uliye huko, jiji la New York lilianza kampeni ya kuzuia watoto kuanguka madirishani mwaka 1972, na tangu mwaka 1976 wenye nyumba za kupangisha za ghorofa wanalazimika kuweka vizuizi vya madirisha panapoishi watoto wa miaka 10 kushuka chini. Ulipo wewe, muulize mwenye nyumba. Weka kizuizi ili dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 10, na usogeze kitanda na kochi mbali nalo.

Kioo kikimkata mtu

Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, dakika 10 kamili, mkono ukiwa umeinuliwa. Usichungulie kila dakika. Kipande cha kioo kilichozama usikitoe, bonyeza pembeni yake na umpeleke mtu kituoni. Usimwagie majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Hata kidonda kikiwa kidogo aende, ili waangalie kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Vipande vya sakafuni fagia, usiokote kwa vidole, na visifukiwe shimo la takataka wanakochezea watoto kabla ya kufungwa ndani ya kopo au kitambaa kinene.

Madirisha ya kituo chetu sasa yana skrubu tatu kila moja. Ukikuta dirisha linapanda, linakwaruza au limefungwa kwa waya katika jengo lolote la huduma, usilitengeneze mwenyewe na usinyamaze. Mweleze mhamasishaji wa kijiji chako jina la jengo, chumba, na dirisha la ngapi kutoka mlangoni. Na ukitupangia kazi ya usafi, utuambie kabisa kwamba vile vipande vyeusi vya juu havitupwi.